Rufiji ya wasomi waliokuja kutafuta kitu kingine

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu pale Mlimani, Dar es Salaam, walitumwa vijijini kuwahoji wazee juu ya Vita vya Majimaji. Ilikuwa kazi ya kukimbizana na kaburi, kwa sababu aliyekuwa kijana wa miaka 20 vita vilipozuka mwaka 1905 alikuwa sasa mzee wa miaka 83. Mwalimu wao John Iliffe, pamoja na mtafiti Gilbert Gwassa, walitoa kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo wakati huohuo. Gwassa hakuishia hapo. Mwaka 1973 alipata shahada ya udaktari kwa tasnifu juu ya chanzo na mwendo wa Majimaji, tasnifu iliyokaa kabatini hadi ilipochapishwa kitabu mwaka 2005, tena Ujerumani.

Walikwenda kuuliza habari za vita. Wazee wa Rufiji na Umatumbi wakawajibu habari za dini.

Nakumbusha kazi hiyo kwa sababu ya swali linalorudi kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka. Kijana wa Kibiti, hukohuko Rufiji, amefaulu somo la dini pamoja na historia na Kiswahili, na anataka kuendelea na dini chuo kikuu. Nyumbani wanamtazama. Kama ni dini, madrasa si ipo? Kama ni uchungaji, si aende seminari? Halafu atakula nini? Hilo la kula ni swali halali. Hayo mengine yanachanganya mambo mawili. Madrasa na seminari humfundisha mtu dini yake ili aishike na awaongoze wenzake. Chuo kikuu, kikiifanya kazi yake sawasawa, humfundisha kuitazama dini ya watu, na ya kwake ikiwemo, kama hakimu anavyomtazama shahidi: kwa heshima na kwa maswali. Ukitaka kuona tofauti hiyo kwa macho, na kuona pia jinsi tulivyoikwepa miaka yote hii, nenda Rufiji.

Anza na Ngarambe, kijiji cha upande wa bara, kwenye ukingo wa mbuga ya zamani ya Selous. Wazee waliohojiwa walisimulia kwamba mwaka 1904 mtu mmoja wa hapo, Kinjikitile Ngwale, alipandwa na pepo aitwaye Hongo. Ilikuwa asubuhi, yapata saa tatu. Alilala kifudifudi, mikono ameinyoosha mbele, akatambaa hadi kwenye bwawa akazama. Jamaa zake walijaribu kumzuia, wapi. Wapiga mbizi wakaingia majini kumtafuta wasimpate. Watu wakalala palepale kando ya bwawa. Kesho yake, saa tatu vilevile, akaibuka mzima, nguo zake kavu, akaanza kunena.

Alinena nini? Kwamba wafu wote wa ukoo wetu wapo, wako kwa mungu Bokero katika Mto Rufiji, nao watarudi. Kwamba simba na chui hawatakula watu tena. Na kwamba sisi sote ni watu wa Seyyid Said.

Hapo kwa Seyyid Said ningeomba msomaji atue mzigo kidogo. Sultani huyo wa Zanzibar alifariki mwaka 1856, karibu nusu karne kabla ya siku hiyo ya bwawani. Anafanya nini kinywani mwa mtu aliyepandwa na pepo wa mtoni, bara kule Ngarambe? Jibu jepesi, ambalo wanahistoria wengi wameridhika nalo, ni la kisiasa: Kinjikitile alikuwa akisema kwamba Mjerumani si bwana wetu, bwana wetu ni yule wa zamani. Yawezekana. Lakini msomi wa dini angechokonoa zaidi. Je, Seyyid Said alitajwa kama mfalme wa dunia hii, au naye alikuwa tayari mmoja wa wafu walioko kwa Bokero, watakaorudi? Wakati huo Uislamu ulikuwa umeshika pwani na kupanda na mto kwa njia ya biashara, na huko bara matambiko yalikuwa yakiendelea. Kinjikitile aliishi palepale mambo hayo mawili yalipokutana, na kauli zake zimebeba yote mawili bila kuomba radhi. Kuna maneno machache yaliyohifadhiwa kutoka Tanganyika ya zama hizo yanayostahili darasa zima la teolojia kama haya, na sijui chuo chetu kinachoyafundisha hivyo.

Hapo Ngarambe alijenga nyumba kubwa ambayo Gwassa aliiandika kwa jina walilompa wazee, Kijumba-Nungu, yaani nyumba ya Mungu. Watu wakafurika kuja kuwaamkia wafu wao na kuchukua dawa. Dawa ilikuwa maji, pamoja na mahindi na mtama: ya kunywa, ya kunyunyiziwa, ya kuvaa shingoni. Habari zilisambazwa kwa kunong'onezana, kampeni ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila, mpaka zikafika mahali ambapo Kinjikitile mwenyewe hakuwahi kutia mguu. Wajumbe waliopeleka maji wakaitwa kwa jina la yule pepo, mahongo. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, milima ya Umatumbi, waling'oa pamba ya serikali. Wajerumani walimkamata Kinjikitile wakamnyonga Mohoro, karibu na delta, tarehe 4 Agosti. Vita vikaendelea bila yeye. Gwassa alikadiria kwamba waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, walikuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Sasa turudi Mlimani. Miaka ya sitini taifa lilikuwa changa, Azimio la Arusha lilikuwa na mwaka mmoja, na swali lililowaka lilikuwa la umoja: makabila zaidi ya kumi yaliwezaje kupigana pamoja? Majibu ya wazee yalilijibu swali hilo vizuri. Dawa moja, neno moja, adui mmoja. Hongo na Bokero wakageuka kuwa itikadi. Ndilo neno lililomo hata katika kichwa cha makala maarufu ya Gwassa juu ya Kinjikitile, iliyotoka mwaka 1972 ndani ya kitabu cha historia ya dini za Kiafrika kilichohaririwa na Terence Ranger na Isaria Kimambo. Silaumu. Bila wao tusingekuwa hata na hadithi ya nguo kavu. Wenzao wa baadaye ndio waliolaumu: Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 2000 kwamba mradi ule uliyapinda masimulizi yaelekee utaifa, na kitabu cha James Giblin na Jamie Monson cha mwaka 2010 kilivirudia vita hivyo mkoa kwa mkoa kikaonyesha kwamba sababu za watu kupigana hazikuwa moja.

Chuo chenyewe kilichangia dini kuachwa pembeni. Kilipoanza Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Makerere walikuwa na masomo ya dini, na huko ndiko John Mbiti alikofundisha kuanzia 1964, akatoa kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969. Mwaka uliofuata Okot p'Bitek akamvamia yeye na wenzake kwa kalamu kali, akisema wameivalisha miungu ya Kiafrika majoho ya Kigiriki ili ipokelewe na Wazungu. Ugomvi mtamu, wa watu wawili wanaoijua kazi yao. Dar es Salaam haikuwa na uwanja wa ugomvi kama huo. Dini iliingia darasani kwa mlango wa historia na sosholojia, na ukiingia kwa mlango wa mwenzako huna budi kukaa anapokuonyesha.

Aliyelikamata jambo lenyewe hakuwa mwanahistoria. Ni Ebrahim Hussein, aliyechapisha tamthiliya ya Kinjeketile mwaka 1969. Ndani yake nabii anateswa na neno alilolitoa mwenyewe: limemtoka, limekuwa kubwa kumshinda, na watu wanalitumia kwa namna ambayo hana hakika nayo. Vizazi vya wanafunzi wa sekondari wameisoma tamthiliya hiyo na kuijibia mtihani kama kitabu cha ukombozi. Mimi naiona ni swali la teolojia lililojificha katika kapu la fasihi.

Dar es Salaam haikuwa ya kwanza kuisoma dini yetu kwa shabaha nyingine, lakini. Vita vya Majimaji vilipokwisha Uislamu ulienea kwa kasi katika nchi ya kusini-mashariki. Mwaka 1908 ikazuka pwani ile barua maarufu ya Makka, iliyowaita watu watubu kwa kuwa mwisho umekaribia, na maofisa wa Kijerumani wakaona Majimaji mengine yanakuja. Mwaka huohuo Hamburg ilifunguliwa taasisi ya mambo ya makoloni, ambayo baadaye iliingia katika msingi wa chuo kikuu cha mji huo, na Carl Heinrich Becker akawa profesa wake. Mwaka 1911 Becker alitoa utafiti juu ya Uislamu wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, pamoja na vitabu walivyovisoma Waislamu wa huku. Ni kazi ya kisomi ya kweli. Ila aliyeihitaji zaidi alikuwa gavana, na swali la gavana lilikuwa moja: hawa watu wataasi?

Hamburg ilisoma dini yetu kwa ajili ya utawala, na Mlimani kwa ajili ya taifa. Mwaka 2017 ikaja zamu ya usalama.

Hakuna mtu wa Kibiti anayehitaji kukumbushwa mwaka huo. Wenyeviti wa vijiji, watendaji na makada wa chama tawala waliuawa mmoja baada ya mwingine, wengi usiku, majumbani mwao. Tarehe 13 Aprili askari polisi 8 waliuawa kwa mkupuo. Mkuu wa Jeshi la Polisi akabadilishwa mwezi uliofuata, pikipiki zikapigwa marufuku usiku, na Novemba 21 mwandishi wa Mwananchi aliyekuwa akiripoti habari hizo, Azory Gwanda, akatoweka. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo mashambulizi yalikuwa yameanza Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, na tangu hapo watafiti wa usalama wa ndani na nje wamekuwa wakiandika juu ya nyayo za watu waliotoka huku kwenda kule.

Nimesoma sehemu ya maandishi hayo. Yana ramani na mishale. Yana maneno "siasa kali" na "misimamo mikali" kila ukurasa. Kisichokuwemo, au kilichomo kwa mstari mmoja tu, ni kile ambacho mwanafunzi wa mwaka wa pili wa masomo ya dini angekianza nacho: watu wa hapa wanaabuduje? Anayefundisha madrasa kafundishwa na nani, kwa kitabu gani? Kabla ya bunduki yoyote kuonekana, kulikuwa na ugomvi gani msikitini?

Maana ugomvi upo, na mtu yeyote wa mwambao anaujua. Upande mmoja ni Uislamu wa twarika, wa Kadiria na Shadhilia, wa maulidi na dhikiri, wa kuzuru makaburi ya masharifu. Upande wa pili ni vijana wa Answari Suna, wengine wamesoma Uarabuni na wengi hawajafika huko, wanaosema mambo hayo ni bidaa na kwamba wazee wamechanganya dini na mila. Ugomvi huu umegawa misikiti na familia pwani nzima kwa miongo kadhaa, na mahali pengi umebaki wa maneno tu, baba na mwanawe kila mmoja na msikiti wake, halafu wanakutana kwenye futari. Kuutaja huo na mauaji kwa pumzi moja ni uzembe, tena uzembe wenye madhara, kwa sababu kila mwenye ndevu na suruali fupi alikuja kuulipia. Kutofautisha haya mawili ni kazi ya kitaalamu. Ina mbinu zake na vitabu vyake, na mtu huisomea miaka mitatu au minne.

Tuchukue kitu kidogo, kombe. Mwalimu anachukua sahani nyeupe, anaandika aya kwa zafarani, wino wa rangi ya machungwa unazunguka sahani mpaka katikati. Kisha anamimina maji, mara nyingine na marashi ya waridi, maandishi yanayeyuka, mgonjwa anakunywa. Rufiji na Kibiti zina sifa ya uganga nchi nzima, sifa ambayo wenyeji wengine huicheka na wengine huila. Kijana wa Answari atakwambia kombe ni ushirikina. Mwalimu wa twarika atakwambia ni Kurani, na Kurani ni shifaa. Daktari wa zahanati atauliza kama mgonjwa anaendelea na vidonge vyake. Msomi wa dini anawasikiliza wote watatu, halafu anajiuliza lake: neno linaloyeyushwa katika maji na kunywewa, lina udugu wowote na maji ya Ngarambe? Nani alimwiga nani, au hapakuwa na kuiga? Silijui jibu. Najua kwamba swali hilo haliwezi kuulizwa na mtu aliyefika kutafuta magaidi, wala na aliyefika kutafuta mashujaa.

Mfano wa kazi ya namna hiyo tunao jirani. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyekuja Tanganyika mwaka 1952 kufundisha walimu wa kike, aliingia kuishi na Wazaramo wa Bunju katika miaka ya sitini, akaingia katika unyago wao na matambiko yao. Tasnifu yake juu ya ibada na ishara za jamii ya Wazaramo ilitoka Uppsala mwaka 1970. Hakuwa na swali la serikali mkononi. Kitabu chake kinasomeka mpaka leo kwa sababu hiyo. Kwa delta ya Rufiji sijawahi kukuta mwenzake, nami nimetafuta. Nimekuta vingi vya mikoko, ambayo hapo ndipo ilipo mingi kuliko mahali pengine Afrika Mashariki, yapata hekta 53,000. Na vya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyomalizwa ndani ya delta Julai 1915, usiseme.

Kijana wetu wa Kibiti, kwa hiyo, aende wapi? Milango ni mingi kuliko zamani. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2005, katika majengo ya TANESCO yaliyotolewa na Rais Mkapa, na kinatoa walimu wa masomo ya Kiislamu pamoja na masomo mengine, jambo ambalo linajibu lile swali la kula kwa sehemu kubwa. Tunguu, Zanzibar, kuna chuo kikuu tangu 1998. Uganda kuna kile cha Mbale, cha mwaka 1988. Kwa Wakristo, Makumira ilianza kufundisha wachungaji wa Kilutheri katika miaka ya hamsini na sasa ni chuo kikuu kamili, na Dodoma kuna St. John's cha Waanglikana tangu 2007. Hata Mlimani sasa pana idara yenye falsafa na masomo ya dini katika jina lake. Ni hatua.

Wasiwasi wangu ni kwamba vingi kati ya vyuo hivi vimejengwa na dini kwa ajili ya watu wa dini hiyo, na ndivyo vilivyo na walimu na maktaba. Mhitimu wa Morogoro anaujua Uislamu, mhitimu wa Makumira anaujua Ukristo, na Bokero hana chuo. Serikali nayo imejiweka mbali. Katiba inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, na sensa haijauliza dini ya mtu tangu 1967. Busara hiyo imetufaa, na sitaki ibadilishwe. Lakini kutoiendesha dini ni jambo moja na kutoisoma ni jingine, na mwaka 2017 tulikuta hatuna mtu wa kumuuliza.

Na maswali yanaongezeka. Mto ambao Kinjikitile alisema wafu wamo ndani yake sasa umezuiwa na bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Aprili 2024 mafuriko makubwa yalizamisha vijiji na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Wahandisi walieleza, wanasiasa walieleza, wenye mashamba walilalamika. Watu wa Rufiji wameishi na mafuriko tangu enzi na enzi, na wana kilimo chao cha mlau kinachofuata maji yakishajitoa. Walipokaa juu ya dungu wakitazama mpunga unapotea, waliyafasirije maji hayo? Ilisomwa dua gani, na nani aliitwa kuisoma? Kuna aliyerudi kwenye tambiko? Kuna aliyekataa?

Atakayekwenda kuuliza ajue ratiba ya vyuo haikutungwa kwa delta. Likizo ndefu huangukia kati ya Julai na Oktoba, mpunga umeshavunwa, njia za Kibiti zimekauka, na boti za Nyamisati zinakwenda bila shida. Mwanafunzi atapokewa vizuri na ataambiwa habari za maji kama habari za mgeni aliyekwisha kuondoka. Maulidi, kwa miaka hii, Mfungo Sita ukiwa unaangukia Agosti na Septemba, atayakuta. Masika hatayakuta, mpaka aombe ruhusa ya kuondoka chuoni mwezi wa nne, muhula ukiwa katikati.